Wadogo zangu mnaoanza umenta, punguzeni "niachie mimi"

Nimewatazama kwenye kikao na vijana wa form four, ninyi mlioingia mwaka huu kuwa washauri wao. Moyo mnao, sibishi. Ila dakika kumi tu mlishaanza "mkiwa na shida yoyote nipigieni", na mimi huku nyuma natamani kuzima maiki. Haya, tuongee.

1. Ukijikuta umeongea kuliko kijana, nyamaza.

2. Tahasusi, yaani mchepuo wa masomo ya form five, si yako. Wewe PCB (fizikia, kemia, baiolojia) ilikutoa, hongera, lakini mtoto anayefungua kila redio ya kwao na kuirudisha ikilia huenda anataka umeme chuo cha ufundi VETA, si form five. Matokeo yakitoka, TAMISEMI, wanaopanga wanafunzi shuleni na vyuoni, huwa inawapa nafasi ya kubadili machaguo. Mwambie hilo, kisha mwache aumize kichwa mwenyewe.

3. Mkopo. Nilikuwa na binti, form six katoka na divisheni ya kwanza, baba marehemu, mama anauza mboga. Mama akaniuliza mambo ya bodi ya mikopo. Nikajibu kwa mbwembwe, "Mama, niachie mimi." Nikapiga picha vyeti, nikamfungulia akaunti ya maombi mtandaoni, nenosiri nikatunza mimi. Mnajua mlolongo wenyewe: cheti cha kuzaliwa na cha kifo cha mzazi vihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwanza, fomu ichapwe, isainiwe serikali ya mtaa, wakili agonge muhuri, ndipo uipandishe. Mimi nikasafiri kikazi. Binti akipiga, "usijali, nalishughulikia." Nilipokuja kutuma vyeti, RITA wakavirudisha: jina la baba kwenye cheti kimoja halifanani na kwenye kingine. Kulirekebisha kunataka mama, kiapo na kufuatilia, na dirisha la maombi halikutusubiri. Chuo alipata, ada hakuna. Akakaa mwaka mzima gengeni na mama yake.

Mama hakunigombeza. Alinifungia mchicha niondoke nao, na hapo ndipo nilipotamani anitukane. Lakini kinachonisumbua hadi leo ni lile nenosiri. Mtoto mwenye A ya hesabu alikuwa hawezi hata kufungua ombi lake mwenyewe aone limekwama wapi, kwa sababu dada menta alipenda kuonekana wa maana. Angekuwa nalo, lile kosa la jina angeliona mapema kuliko mimi. Yeye ndiye alikuwa na njaa ya chuo.

Mwaka uliofuata aliomba mwenyewe, steshenari ya pale mtaani, akapata. Kwangu alitaka kitu kimoja tu, nimdhamini. Nikasaini haraka kabla hajabadili mawazo.

4. Mkutane shuleni, mlango wazi, mwalimu wa malezi akijua. Hili halina mjadala.

5. Pesa. Nauli ikibidi, ipitie kwa mratibu. Ukianza kutoa mfukoni kimya kimya, wiki ya tatu kijana haji kwa ushauri, anakuja kwa nauli, na siku umefulia anaona aibu kuja kabisa. Kuna mmoja wetu alimpoteza kijana mzuri hivyo hivyo, wala hawakugombana. Na wewe uliyewaahidi laptop mbele ya darasa zima, unajijua. Kikao kijacho uwaambie kwamba hakuna laptop. Nitakusindikiza, ila kusema utasema mwenyewe.