Rangi imekuangusha? Kabla hujairudisha ndoo dukani

Msimu wa kupaka nyumba umeanza, na maswali yaliyokuja safari hii karibu yote ni manung'uniko. Sina hisa kwenye kiwanda chochote, lakini niseme mapema: ndoo ya rangi hubebeshwa makosa mengi ambayo ni ya ukuta, au ya mkono ulioshika rola. Tuanze.

Shikamoo fundi. Kwenye kadi nilichagua krimu ya kufifia, ukutani imetoka njano kali. Nimeshapaka ukuta mmoja wa sebule. Niirudishe? (Msomaji, Mbezi)

Marahaba. Kwanza weka rola chini, usiguse ukuta wa pili. Rangi ya maji ikiwa mbichi ni nyingine na ikikauka ni nyingine, kwa hiyo ngoja hadi kesho mchana, fungua madirisha, zima taa ndipo uitazame. Chini ya balbu ya mwanga wa njano krimu yoyote huonekana kama samli. Halafu kumbuka kile kipande cha kadi ni kidogo kuliko kiberiti. Kuta nne za rangi moja zikitazamana, rangi hukolea.

Kama bado huridhiki, shika kifuniko. Rangi iliyotengenezwa kwa mashine hubandikwa stika yenye namba. Ikiwa namba siyo uliyoagiza, kosa ni la duka, rudisha bila aibu. Ikiwa ni yenyewe, wamekupa ulichoomba. Hapo nunua nyeupe ya kiwanda kilekile na aina ileile, uchanganye kidogo kidogo mpaka ipoe. Safari ijayo nunua kopo la lita moja kwanza, paka kipande cha silingibodi, kihamishe ukuta hadi ukuta, asubuhi na usiku.

Ndoo ya kwanza iliishia katikati ya ukuta. Nikanunua ya pili, namba ileile, sasa kuna mpaka unaonekana. (Tabata)

Matoleo mawili hayafanani kabisa hata namba ikiwa moja. Ndiyo maana fundi mzuri humimina ndoo zote kwenye pipa, akakoroga, ndipo anaanza. Sasa chukua hiyo ndoo ya pili upige mkono mmoja, yaani tabaka moja la rangi, ukuta mzima, kona hadi kona. Tofauti ikiangukia kwenye kona, jicho haliioni.

Fundi wangu amepiga mikono minne ya njano kwenye chumba cha mita 3 kwa 4, na simenti bado inachungulia. Nilimpa galoni mbili za lita 4. Anasema rangi ni feki. (Mwanza)

Tufanye hesabu, maana hesabu haina undugu na mtu. Chumba hicho kikiwa na kimo cha mita 2.8, kuta zake ni kama mita za mraba 39. Toa mlango na dirisha, zinabaki 35 hivi. Rangi ya maji iliyo nzuri hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa lita moja, mkono mmoja, tena kwenye ukuta laini usiokunywa. Mikono minne, kwa kipimo cha mita 10, ingehitaji lita 14. Wewe ulimpa lita 8. Hizo sita nyingine zimetoka bombani.

Kuongeza maji siyo dhambi. Mkono wa kwanza kwenye lipu tupu huruhusiwa kulainishwa kidogo, na kipimo kimeandikwa kwenye ndoo yenyewe. Shida ni fundi anayelainisha ili rola iteleze amalize mapema. Kama una galoni ambayo haijafunguliwa, chovya kijiti ndani yake, chovya kingine kwenye ndoo anayotumia, viinue vyote viwili. Rangi nzima hushuka kwa utepe mzito, iliyonyweshwa hudondoka matone kama maziwa. Fanya hivyo mbele yake, utaona jinsi mazungumzo yanavyobadilika.

Nimtetee kwa jambo moja. Njano na nyekundu zinazong'aa ni dhaifu kwa kufunika, hata za bei kubwa. Zinataka mkono wa nyeupe chini yake, na ukuta wa simenti tupu unataka praima, ile rangi ya msingi, kabla ya yote. Kama hukumnunulia hivyo vitu, alikuwa anapaka jangwa.

Na feki zipo. Ndoo tupu zenye chapa huuzwa mitaani za kutekea maji, na wapo wanaozijaza upya. Angalia lakiri ya kifuniko kabla hujalipa. Ikiwa imekatika, iache hapohapo kaunta.

Rangi niliyofungua ina mabonge hata baada ya kuikoroga sana. Dukani wameniambia nisome bango: "Mali ikishauzwa hairudishwi." (Arusha)

Bango halimpi mtu ruhusa ya kuuza kitu kibovu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka bidhaa ilingane na maelezo yake na sampuli uliyoonyeshwa, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji. Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko ya namna hii. Walio Kenya wana Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2012.

Ila kwanza chuja kidogo kwa neti. Yakibaki maganda machache tu na rangi iliyopita ni laini, ulikuwa utando wa juu, endelea na kazi. Yakijaa tena, funika ndoo. Usitie maji wala tina (thinner), kwa sababu ukishaongeza kitu chochote duka litasema umeiharibu mwenyewe. Piga picha stika, namba ya toleo na tarehe, shika risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kisha mwombe mwenye duka amwite mtaalamu wa kiwanda aje aione. Maduka mengi hulegea hapo, maana hasara inahamia kiwandani. Asiye na risiti, namwonea huruma tu.

Rangi uliyoichoka kwa macho ni habari nyingine. Imechanganywa kwa agizo lako, hakuna mwingine atakayeinunua, na duka likikataa halijakuonea.

Nyumba mpya, miezi mitatu tu. Rangi ya nje ya bei mbaya inabanduka maganda makubwa, na chini kabisa kuna unga mweupe wenye chumvi. Nimshitaki nani? (Kigamboni)

Bandua ganda moja, uligeuze. Usipogeuza ganda utalaumu mtu siye.

Likiwa limeng'oka na unga laini mweupe mgongoni, ni skimu, ile poda ya kulainisha ukuta kabla ya rangi, ndiyo iliyoachia. Uliza ilichanganywa na nini. Poda ya jipsamu ni ya ndani. Ikipigwa nje, mvua ya kwanza inailainisha na kila kilicho juu yake kinashuka. Hapo hakuna rangi duniani ingeshika. Mgongo ukiwa na rangi ya mkono wa kwanza, basi mkono wa pili ulipigwa juu ya vumbi. Mgongo ukiwa safi na ukuta nyuma yake una ubaridi wa maji, ni unyevu.

Ule unga wenye chumvi unaniambia wewe una unyevu. Maji yanapanda kutoka kwenye msingi, au mchanga wa lipu ulikuwa na chumvi ya bahari haukuoshwa, au lipu ilipakwa kabla ya kukauka. Lipu mpya huhitaji kama wiki nne, na ikiwa mbichi simenti yake ni kali kiasi cha kuunguza rangi. Kata nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, iache hadi kesho yake. Ukikuta matone kwa ndani, usinunue hata kopo.

Tibu chanzo cha maji kwanza. Chumvi ifagie kwa brashi kavu, usiioshe, utairudisha ndani ya ukuta. Kwangua mpaka pagumu, piga skimu ya simenti nyeupe ya nje, praima ya kuzuia ukali wa simenti, halafu rangi ya nje.

Mlango wa chumba cha mtoto ulipakwa rangi ya mafuta, wiki nzima bado unanata. (Tanga)

Muulize fundi alilainisha kwa kitu gani. Akikuambia mafuta ya taa, umepata jibu. Pengine pia aliipiga nene mno. Acha madirisha wazi, subiri wiki nyingine, ikigoma ikwanguliwe yote. Mtoto asilale humo. Na kama chini kuna rangi ya zamani sana, piga msasa wa maji, siyo mkavu, kwa sababu rangi za kale zinaweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu kwa watoto.

Nyumba ya familia Mji Mkongwe. Kila tukipaka silki (rangi ya maji yenye mng'ao), inatoka malengelenge kimo cha kiuno. (Unguja)

Kuta zenu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Hunywa maji kutoka chini na kuyatoa hewani. Silki inaziba njia hiyo, maji yanaisukuma kutoka ndani. Lipu ya simenti nayo huziba vilevile, hivyo yeyote atakayewashauri kuipiga mkataeni. Bandueni silki, rekebisheni kwa lipu ya chokaa, mpake chokaa nyembamba mikono kadhaa. Itahitaji kurudiwa mara kwa mara, ila ni bei ndogo na haitoi malengelenge. Kabla ya kugusa ukuta wa nje pitieni Mamlaka ya Uhifadhi ya Mji Mkongwe mchukue kibali.