Mrija unaopitisha maji mkono ukiinuliwa

SWALI: Shikamoo Mama Nesi. Mwanangu ana miaka minne, anatibiwa saratani ya damu Moshi, nasi tunaishi Ngaramtoni. Mwezi wa tano aliwekewa mrija wa kifuani, ule wa kukaa muda mrefu ndani ya mshipa wa damu, nikafundishwa kuusafisha nyumbani kwa maji ya chumvi. Juzi dada yake aliuvuta wakicheza. Haukutoka, ila tangu hapo maji hayapiti mpaka ainue mkono wa kulia. Damu nayo haivutiki. Jirani ananiambia nitumie bomba dogo la sindano, la mililita 2, eti lina nguvu. Nifanye hivyo?
Mama wa Ngaramtoni

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa kuuguza. Usifanye hivyo. Funga kibanio cha mrija, usisukume kitu kingine chochote, piga simu wodini leo hii. Usingoje siku ya kliniki.

Hilo la mkono ndilo limenishtua. Akina mama wengi wakishagundua kwamba mtoto akiinua mkono maji yanapita, wanazoea, na manesi wakati mwingine hawaambiwi. Mrija ukipita kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza, mifupa hiyo miwili huweza kuubana kama mkasi. Mkono ukiinuka, mwanya unafunguka. Mkono ukishuka, unabanwa tena, siku baada ya siku, mpaka unachanika au kukatika, na kipande kikikatikia ndani hubebwa na damu hadi moyoni au kwenye mapafu. Huenda kwa mwanao si hivyo. Inawezekana ncha imesogea ikaegemea ukuta wa mshipa, au damu imeganda mdomoni mwa mrija. Huwezi kujua kwa macho, ni lazima apigwe eksirei. Kama ni damu iliyoganda, kuna dawa ya kuiyeyusha, huwekwa hospitali na kuachwa ndani ya mrija kwa muda kabla ya kuvutwa.

Sasa hilo bomba dogo. Jirani yako kweli kasema, lina nguvu, na hapo ndipo penye hatari. Ukipita shamba la migomba baada ya mvua, kisigino chembamba kinazama, ndala hazizami, na uzito wako ni uleule. Dole gumba lako likisukuma bomba jembamba, mgandamizo ndani ya mrija unakuwa mkubwa mara nyingi kuliko kwa bomba pana. Ndiyo maana ulipewa mabomba ya mililita 10. Nilipokuwa nesi mchanga nilisukuma kwa bomba dogo mrija ulioziba wa binti wa miaka sita. Ulivimba kama puto mbele ya macho yangu, kisha ukapasuka. Alirudishwa chumba cha upasuaji. Mpaka leo nikishika bomba dogo namkumbuka.

Kuhusu kuvutwa: chini ya ngozi mrija una pete ndogo ya kitambaa ambayo nyama huikumbatia baada ya wiki kadhaa. Ukiiona pete hiyo imechungulia nje, mrija umetoka mahali pake. Chukua rula, pima kutoka kwenye ngozi hadi mwisho wa mrija, andika kwenye daftari lake la kliniki, uwaonyeshe. Ungekuwa na kipimo cha mwezi wa tano ingekuwa rahisi zaidi, basi anza sasa.

Safari ya Moshi ni ndefu, kwa hiyo uzungushe mrija duara moja, ubandike plasta kifuani, avae fulana ya kubana ndani ya sweta. Usimbebe kwa kanga, fundo litaukwaruza. Ukipasuka njiani, bana mara moja kati ya palipopasuka na mwili wa mtoto. Kibanio kikiwa upande usiofaa, ukunje na uushike kwa vidole, ufunike kwa gozi safi. Akihema kwa shida, mlaze ubavu wa kushoto, kichwa chini kidogo, mkimbilie hospitali iliyo karibu. Sehemu ya nje ikipasuka mara nyingi huungwa, kwa hiyo usitupe kitu wala kukata. Na mkasi usikaribie plasta hiyo kabisa.

Dada mtu usimchape. Mwonyeshe mrija, mwambie dawa ya mdogo wake inapita humo, kisha umpe kazi ya kukushikia rula.