"Ongeza kasi ya mdundo" ni kuongeza nini?

SWALI: Darasani kwetu tunapiga muziki kwa kuandika msimbo papo kwa papo katika programu ya TidalCycles. Mwalimu akisema "ongeza kasi ya mdundo", mmoja wetu hubadili setcps, mwingine huandika fast 2, wa tatu huandika speed 2. Nani amemwelewa?

JIBU: Wote watatu, na hapo ndipo penye tatizo. "Mdundo" limetokana na -dunda. Leo hutumika kwa sauti ya ngoma, kwa mpangilio wa mapigo, na hata kwa biti nzima. Mcheza dansi halimpi shida. Anayeandika msimbo linamkwamisha, kwa sababu amri yake inagusa kitu kimoja tu.

Tuanze na setcps. TidalCycles hupima muda kwa mizunguko, yaani vipande vya muda vinavyojirudia. setcps 0.5 ni nusu mzunguko kwa sekunde. Ukihesabu mapigo manne katika kila mzunguko, unapata mapigo 120 kwa dakika. Ukiibadili namba hiyo, vyombo vyote vinafuata. Hapa semeni "kaza mwendo" au "punguza mwendo". Msiseme "mapigo yameongezeka", maana mapigo yanaweza kuongezeka na mwendo usibadilike kamwe. Chukua ruwaza (mpangilio wa sauti unaojirudia) "bd sn", yaani ngoma za besi na sneya, kisha uongeze "hh hh", yaani matoazi ya hi-hat mara mbili. Mzunguko haurefuki: sauti nne zinagawana muda uleule uliokuwa wa mbili. Sikio linasikia haraka, saa ya wimbo iko palepale.

fast 2 nayo huongeza mapigo bila kugusa mwendo. Ruwaza hiyo moja inapigwa mara mbili ndani ya mzunguko, nyingine zinaendelea kama zilivyokuwa. Kitenzi ninachokipendekeza ni -bana: "bana ruwaza ya ngoma". Kwa slow 2, semeni "vuta ruwaza", kwa kuwa inaenea mizunguko miwili.

speed 2 haisogezi pigo hata moja. Inaisoma sampuli, yaani kipande cha sauti kilichorekodiwa, kwa kasi maradufu, na sauti inapanda oktavu nzima. Basi iwe "ongeza kasi ya sampuli", mwenye kasi akiwa ametajwa.

Nadhani mazoea ya kuyachanganya haya yana sababu. Anayesikiliza singeli ya Dar es Salaam, ambayo mara nyingi hupita mapigo 200 kwa dakika, amezoea kusikia kipande cha taarabu kilichoharakishwa: mwendo na sauti vimepanda pamoja, mwimbaji amekuwa na sauti nyembamba. Kwa msikilizaji huyo "kasi" moja inatosha. TidalCycles imevitenganisha vitu hivyo, kwa hiyo na sentensi zetu zivitenganishe.

"Mdundo" lenyewe msilitupe. Litumieni mnapousifu au kuukosoa muziki: mdundo mzito, mdundo mkavu, mdundo umekolea. Kwenye maelekezo, mwalimu ataje mwendo, ruwaza au sampuli.