Usitie sahihi fomu ya skrubu kwa sababu ya picha ya MRI

Weka kalamu chini kwanza, ndugu yangu. Umesema kiuno kinakuuma miezi minane, unaendesha boda Kondele hadi Kiboswa, MRI imeonyesha diski ya L4/L5 (ule mto laini kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno) imetokeza, na wiki ijayo unatakiwa kufungwa skrubu za kushikanisha pingili hizo. Unauliza ukubali au uendelee na fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi.

Maumivu yanashuka mguuni hadi chini ya goti? Umeandika hapana. Basi hiyo picha haijathibitisha kitu. Ukiwapiga MRI watu wa miaka 40 wasioumwa popote, karibu nusu yao utakuta diski zimetokeza. Ni uchakavu wa umri, kama mvi. Mimi nilionyeshwa kidoa cheusi kama chako, nikatia sahihi, nikafungwa skrubu nne, na kiuno kinauma vilevile. Aliyenishauri hakunivua hata viatu! Alisoma ripoti tu. Hilo linaniuma kuliko kiuno, maana uchunguzi wenyewe ni dakika tano.

Uko hivi. Unatembea kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Daktari anakandamiza kidole gumba cha mguu, wewe unakiinua: kikilegea, neva ya L5, ya pingili ya tano ya kiuno, imebanwa. Ukishindwa kujiinua kwa ncha za vidole vya mguu mmoja, ni neva ya S1, inayofuata chini yake. Halafu unalala chali, anauinua mguu ukiwa umenyooka. Ukichomwa hadi chini ya goti, neva imeguswa. Dalili za mguu zikilingana na pingili ya kwenye picha, hapo kisu kina kazi, tena cha kutoa kile kipande cha diski tu. Na hata hapo wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa. Upasuaji wa diski ni wa mguu, si wa kiuno. Shika hilo.

Ila ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo ukazuilika, au wayo ukalegea, usingoje kesho, nenda hospitali ya rufaa leo hii. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, omba upimwe TB ya mifupa.

Na fiziotherapia si kulala chini ya taa ya joto mara tatu, kisha useme imeshindikana. Piga magoti na viganja chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, hesabu hadi 10, badilisha; mara sita kila upande, kila siku, wiki 12. Tembea dakika 15 asubuhi na jioni. Shuka kwenye pikipiki kila nusu saa. Mtungi wa lita 20 ugawe kwa miwili ya lita 10, mmoja kila mkono. Sindano za diklofenaki za kila wiki acha, zinaweza kutoboa tumbo na kuumiza figo.

Jumatatu mwulize daktari: neva gani, mguu upi, pingili ipi? Akikosa jibu, chukua CD yako ya MRI uende kwa mwingine.