Napenda, ningependa, naomba: barua kwa mwandishi usiyemjua

SWALI: Nimejiandikisha katika mabadilishano ya hadithi za mashabiki. Kila mshiriki humwandikia mwenzake hadithi ya zawadi kuhusu wahusika wanaowapenda kutoka vitabu, filamu au tamthilia za watu wengine, na kabla ya hapo kila mmoja huandika barua ya kumweleza mwandishi wake, ambaye bado hamjui, mambo yanayomfurahisha katika kusoma. Yangu nimeiandika kwa Kiswahili na nimekuambatishia uisome, nami naomba unifupishie iwe mfano. Rafiki niliyemwonyesha amesema "napenda" zimezidi mno, naonekana mtu wa kudai, afadhali zote ziwe "ningependa". Tena amekataa "nafurahi hadithi ndefu" na "hadithi ambazo zinazochekesha". Je, amesema kweli? Na yale nisiyotaka kabisa kuyasoma niyaandikeje bila kuonekana mkali?

JIBU: Katika yale mawili ya mwisho rafiki yako amesema kweli. Katika la kwanza simuungi mkono hata kidogo, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu ushauri wake ungeigeuza barua yako iwe kinyume cha alivyokusudia.

Tuangalie kwanza kazi ya barua yenyewe. Chukua mfano wa Yuletide, mabadilishano ya kila mwaka yaliyoanza 2003 kwa ajili ya kazi zenye mashabiki wachache. Hadithi haitakiwi kupungua maneno 1,000. Zawadi hufunguliwa tarehe 25 Desemba, na majina ya waandishi hubaki siri hadi Januari Mosi. Katika wiki zote za kuandika, mwandishi wako hawezi kukufuata akakuuliza, "Hapa ulimaanisha nini?" bila kujifichua. Anachobaki nacho ni barua yako. Ataisoma, ataipima kila kitenzi, na umbo la kitenzi ndilo litakalomwambia kama hapa unasimulia ladha yako, unatoa wazo, au unaweka mpaka.

Sasa linganisha sentensi hizi mbili. "Napenda hadithi zinazoanza katikati ya tukio." "Ningependa hadithi inayoanza katikati ya tukio." Ya kwanza inakuhusu wewe. Ni kweli leo, ilikuwa kweli jana, na itabaki kweli hata mwandishi akianza kwa maelezo marefu ya mandhari. Haimwagizi lolote. Ya pili ina kiambishi -nge-, na -nge- inaelekea jambo ambalo bado halijatokea, yaani hadithi yenyewe anayokwenda kuiandika. Ni ombi. Ni ombi la adabu, lakini ni ombi. Mtu akiandika "napenda" mara kumi amejieleza kwa mambo kumi, na mwandishi atachagua mawili au matatu yanayomfaa. Akiandika "ningependa" mara kumi ameomba mambo kumi yaingie katika hadithi moja. Rafiki yako alitaka kukupunguzia madai, kumbe angekuongezea.

Nadhani chanzo cha ushauri wake ni mazoea ya mazungumzo. Tunaposimama mbele ya mtu kuomba kitu, "ningependa" ni laini kuliko "nataka" au "naomba unipe". Ulinganisho huo ni sahihi, ila "napenda" haikuwa katika mashindano hayo. Kwa hiyo ziache "napenda" zako mahali pake, na "ningependa" uiweke pale tu unapotoa wazo mahususi la hadithi: "Ningependa kusoma siku ambayo hawa wawili walionana kwa mara ya kwanza." Moja au mbili kwa kila kazi uliyoomba zinatosha.

Kama marudio yanakuchosha masikio, usibadilishe maana kwa sababu hiyo. Unayo maumbo mengine yanayobaki upande ule ule wa kueleza ladha. "Ninapenda" na "napenda" zote zinafaa, na katika barua ya namna hii sioni sababu ya kubishania hiyo -ni-. "Mimi hupenda" pia ni sahihi, ila kumbuka kwamba hu- haibebi nafsi, ndiyo maana inakuhitaji utaje "mimi", na usije ukaandika "nahupenda". Nadhani hu- inapendeza zaidi kwenye vitendo vya kawaida vya msomaji kuliko kwenye kupenda kwenyewe: "Mimi huzirudia kurasa za mazungumzo."

Jihadhari na "ningalipenda" na "ningelipenda". Wengi huzitumia kama kwamba ni "ningependa" yenye heshima zaidi. Kwa kawaida -ngali- na -ngeli- husema nafasi imekwisha kupita. Ukimwandikia mwandishi ambaye hajaanza kazi kwamba "ningalipenda wakutane tena", anayesoma kwa makini atahisi unalalamikia jambo lililokwisha haribika.

Tuje kwenye furaha. "-furahi" ni hali ya mtu na haichukui shamirisho (kitu kinachotendwa) moja kwa moja, kwa hiyo "nafurahi hadithi ndefu" imekatika. Sema "nafurahi nikisoma hadithi ndefu", au umpe kitenzi kiambishi chake: "nafurahia hadithi ndefu". Njia ya tatu ndiyo ninayoipendekeza kwako: "hadithi ndefu hunifurahisha". Hapo hadithi imetangulia ikawa ndiyo inayotenda, na ni rahisi kuendelea kuieleza inafanya nini hata ikakufurahisha. Barua inayoanza kila sentensi kwa "na-" humwacha mwandishi akikutazama wewe. Ukiitanguliza hadithi, macho yake yanakwenda kwenye kazi atakayoifanya.

Kuhusu "hadithi ambazo zinazochekesha", umeweka virejeshi viwili mahali penye nafasi ya kimoja. Ama "hadithi zinazochekesha" ama "hadithi ambazo zinachekesha". Mimi huona ya kwanza ni nyepesi. Ukikuta sentensi imekuwa na "zinazo" nyingi, tumia "-enye": "hadithi zenye ucheshi".

Kuna kitenzi kimoja ambacho sikukiona katika barua yako, nacho ndicho ningekuombea ukitumie kuliko vyote: kupendea. Umeandika, "Nampenda sana huyu mhusika." Mwandishi wako anajua tayari, maana usingemwomba mhusika usiyempenda. Asichokijua ni sababu, na Kiswahili kinaibeba sababu hiyo ndani ya kitenzi kwa herufi moja tu. Nampenda, nampendea ukaidi wake. Nampendea namna anavyokataa kusaidiwa mchana kisha akarudi usiku kuomba msaada ule ule. Unaweza hata kuanzia hapo: "Ninachompendea ni kwamba hajui kusema uongo, na bado anajaribu." Angalia mwandishi amepata nini katika sentensi hiyo. Amepata tabia, mgongano, na karibu tukio zima. Sifa za jumla kama "ni mzuri", "ananivutia", "namkubali sana" hazimpi pa kuanzia, hata ukizirudia ukurasa mzima.

Umbo hili linafaa pia kwa kazi nzima ("ninachoipendea tamthilia hii ni ukimya wake") na kwa uhusiano wa wahusika ("ninachowapendea hawa wawili ni kwamba hawaombani radhi kwa maneno"). Usilichanganye na kupendelea, ambako ni kuchagua kimoja mbele ya kingine. "Napendelea mazungumzo kuliko mapigano" ni sentensi safi. "Nampendelea" peke yake inaweza kusomeka kama upendeleo, kwamba unamwonea mwingine.

Jambo jingine nililoliona katika barua yako ni "nataka wapendane". Kupendana hakusemi ni kupendana kwa namna gani. Ndugu hupendana, marafiki hupendana, wachumba hupendana. Mashabiki wana alama zao za kutenganisha: mkwaju kati ya majina mawili (/) ni mapenzi, na alama ya & ni urafiki, udugu au uhusiano mwingine usio wa kimapenzi. Desturi ya mkwaju ina asili yake miaka ya 1970 kwa mashabiki wa Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za angani, walioandika hadithi za mapenzi kati ya wahusika wake Kirk na Spock. Kama fomu yako ina alama hizo, zitumie, lakini katika sentensi useme waziwazi: "wawe wapenzi", "wapendane kama ndugu", "wabaki marafiki". Na neno "rafiki" lenyewe lisaidie, kwa kuwa wako wanaolitumia kumtaja mpenzi kwa staha. "Rafiki tu" inaondoa utata.

Utata wa pili katika sentensi hizo ni wa nafsi. Umeandika, "Nataka amwambie kwamba anamwogopa." Nani anamwogopa nani? Kiambishi a- hakitaji jinsia, na katika hadithi za mashabiki hiyo ni neema, hasa kwa mhusika ambaye kazi asilia haikusema ni mwanamke au mwanamume. Ila wahusika wakiwa wawili katika sentensi moja, a- na -m- hazitoshi. Taja jina la mmoja wao. Marudio ya jina si kosa la mtindo katika barua ya maelezo.

Sasa swali lako zito, la mambo usiyotaka kuyasoma. Hapa adabu ya Kiswahili inaweza kukuponza. Umeandika, "Nisingependa sana mambo ya kifo cha mtoto." Sentensi hiyo ina tabaka tatu za kulainisha: -nge-, "sana", na "mambo ya". Mwandishi mwema kabisa anaweza kuisoma akaelewa kwamba kifo cha mtoto si chaguo lako la kwanza, lakini kikiandikwa vizuri utakipokea. Hata "sipendi" haitoshi. "Sipendi hadithi za huzuni" ni kinyume cha "napenda", yaani bado ni ladha, na ladha hujaribiwa. Waandishi wazuri hupenda kumshawishi msomaji apende asichokipenda.

Mpaka unataka umbo lake. Nakupendekezea "naomba kusiwe na": "Naomba kusiwe na kifo cha mtoto, hata cha kutajwa tu." Ni ombi, kwa hiyo heshima ipo. Ni kanushi la dhamira tegemezi (umbo la kitenzi la kuomba au kutaka jambo liwe), lenye -si- na irabu -e mwishoni, kwa hiyo halina mlango wa pembeni. Na ile ku- inafunika hadithi nzima: mandhari, kumbukumbu, ndoto, kila mahali. Ukitaka kumhusisha mhusika mmoja, sema "naomba asife" au "naomba wasiachane". "Sitaki kusoma kuhusu..." nayo ni sahihi na si ukali, kwa kuwa unazungumzia kusoma kwako na humhukumu anayependa kuandika habari hizo. Epuka "naomba hakuna", ambayo haijengi sentensi. Sababu si lazima uitoe. Sentensi moja kwa jambo moja, mahali pake peke yake katika barua, pasichanganywe na ladha.

Kwa yale ya katikati, ambayo huyapendi sana lakini unaweza kuyavumilia, ndipo "sipendi sana" inapofanya kazi halali, hasa ukiifuatisha na kiasi: "Huzuni katikati ya hadithi naikubali, mradi mwisho uwe na matumaini." Hiyo "mradi... uwe" inamwonyesha mwandishi uwanja wote alio nao.

(Umeuliza pembeni kati ya "singependa" na "nisingependa". Zote zimo katika maandishi mazuri. Ya pili ndiyo inayofundishwa zaidi siku hizi. Shika moja katika barua yote.)

Usisahau kumwachia uhuru, kwa sababu katika mabadilishano mengi maelezo ya barua ni vidokezo, na anayefungwa na sharti ni mipaka na wahusika ulioomba. "Andika upendavyo" ikisimama peke yake humkosesha mwelekeo, ikija baada ya maelezo humpa pumzi. Kama ulivyoomba, nimeishika barua yako nikaifupisha kwa mfano wa kazi moja:

"Mpendwa mwandishi, asante kwa kukubali kuniandikia. Hadithi zenye mazungumzo mengi hunifurahisha, hasa zile ambazo wahusika wanazungumza kuhusu jambo dogo huku kubwa likiwa limekaa kati yao. Napenda ucheshi unaotokana na tabia, na napendelea kuanza katikati ya tukio kuliko maelezo marefu. Ninachompendea nahodha ni kwamba hupanga kila kitu isipokuwa maisha yake mwenyewe. Tabibu nampendea subira yake inayokwisha ghafla. Ningependa kusoma safari yao ya kwanza pamoja, kabla hawajaaminiana, wakiwa bado marafiki tu. Naomba kusiwe na kifo cha mtoto, hata cha kutajwa. Naomba tabibu asimwache nahodha. Mengine yote ni vidokezo. Ukipata wazo lako, lifuate upendavyo."

Zihesabu "ningependa" humo: iko moja. Mwandishi hatakuona mdai, na hatapotea.

Siku ya kufungua zawadi utataka kumshukuru, na hapo nyakati zinabadilika. Andika "nimeipenda", siyo "niliipenda". Kiambishi -me- kinasema kupenda kumeanza na kungali kupo. -Li- inaliweka jambo nyuma, na msomaji mwenye wasiwasi, kama walivyo waandishi wengi siku hiyo, anaweza kujiuliza kama umeshaacha. Kisha usiishie hapo. Mweleze umeipendea nini: mstari gani, jibu gani la tabibu, kimya gani cha nahodha.