Nibaki na hii au nichukue ile? Majibu kwa wasafiri wa pikipiki

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zina kiini kimoja: mtu anayo pikipiki ya safari, inamfikisha, lakini moyo umeshahamia kwa nyingine. Nimechagua chache. Utaona nauliza njia, uzito na spea kabla ya kuuliza nguvu za injini. Ndivyo ninavyoamini, na sababu zimo ndani ya majibu.

Kaka, habari. Nina Royal Enfield Himalayan ya zamani, ile ya cc 411. Kila mwezi natoka Morogoro kwenda Mbeya kikazi. Mlima Kitonga nabaki nyuma ya malori, nikitaka kupita injini haina pumzi. Mmoja ananiambia nichukue Himalayan mpya ya 450, mwingine anasema Suzuki V-Strom 650. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

Salama, kaka. Umenisaidia sana kwa kutaja mahali hasa inapokushinda. Injini ya 411 ina nguvu za farasi 24 hivi, na pikipiki ikijazwa mafuta inakaribia kilo 200. Jumlisha mwili wako na mizigo, kinachobaki cha kukupitisha lori lenye tela mlimani ni kidogo mno. Fundi hawezi kukiongeza, hata umlipe vipi. Injini ile ilitengenezwa ivute taratibu kutoka chini. Ukiiendesha kwa 80 hadi 90 itakufikisha Tunduma bila kulalamika, lakini usiidai zaidi ya hapo.

Ile 450 iliyozinduliwa mwishoni mwa 2023 ni injini nyingine kabisa: farasi 40, gia sita badala ya tano, inapoozwa kwa maji, na uzito ni kilo 196. Kitonga utaiona tofauti siku ya kwanza. V-Strom ina silinda mbili na farasi wapatao 70, na itapita lori hata kama una abiria. Uzito wake ni kilo 216 hivi, tanki ni la lita 20, tairi hazina tyubu.

Sasa nikuulize: ukishafika Mbeya, unaelekea wapi? Kama safari inaishia kwenye lami, na mara nyingine unambeba mtu, chukua V-Strom, hata ya mtumba mradi imetunzwa. Ukoo wa injini ile uko barabarani tangu 1999, na vali zake hupimwa kila kilomita 24,000. Lakini kama kazi inakushusha kwenye vumbi na makorongo, tuseme ndani ya Chunya, 450 itakufaa zaidi. Gurudumu lake la mbele ni la inchi 21 na hupanda juu ya mawe na mashimo kwa wepesi. La V-Strom ni la inchi 19.

Kabla hujaiuza 411, fahamu hili. Vali zake fundi makini wa mtaani anazirekebisha kwa spana na kipimo chembamba cha bati. Za 450 na za V-Strom zinataka vibati vyenye unene maalumu, na mtu anayejua kuvichagua. Mtafute fundi huyo kwanza, mzungumze, ndipo ulipe pesa ya pikipiki. Na nguvu mpya utakazozipata usizitumie Mikumi. Barabara inakatiza hifadhini kwa kilomita 50 hivi, na tembo havuki kwa ratiba.

Kijana wangu, nina miaka 67 na BMW R 1200 RT ya mwaka 2015. Naipenda sana, ila majuzi imenilalia getini kwangu, vijana ndio wameiinua. Nibadili, au niache kabisa mambo haya? (Mzee, Moshi)

Shikamoo, mzee wangu. Usiache.

RT yako ikijaa mafuta ina kilo 274. Ikiwa mwendoni huzisikii, maana mitungi ya injini ya boksa imelala chini, kulia na kushoto. Unazisikia getini, kwenye kokoto, na unapoigeuza mahali pembamba. Barabarani bado uko sawa. Shida yako iko kwenye mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, na dawa tuitafute hukohuko. Kama inalala getini tu, anza kwa kumwaga zege hapo mbele ya geti. Ni gharama ndogo sana ukilinganisha na pikipiki nyingine.

Kama umeshaanza kuiogopa kila unapotaka kusimama, basi muda wa kubadili umefika, na ningekuomba uijaribu Honda NC750X yenye DCT, yaani gia zinazojibadilisha zenyewe. Tanki lake liko chini ya siti, kwa hiyo uzito umekaa chini. Pale tulipozoea kuona tanki kuna sanduku linaloweza kumeza helmeti. Uzito ni kilo 224 hivi, na haina klachi ya mkono kabisa, jambo ambalo vidole vyako vitalishukuru kwenye foleni. Farasi hawafiki 60, wakati RT inao 125. Utakikosa kioo cha mbele cha umeme kinachopanda na kushuka, utakosa na shafti (chuma kinachozungusha gurudumu la nyuma), maana hii ni ya cheni. Yapime hayo kwa moyo mweupe.

Kwa sasa, ikilala tena upande wa kulia: zima injini, weka gia, fungua stendi ya pembeni kabla ya kuinua. Geuka uipe mgongo, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, kisha isukume kwa miguu kwa hatua fupifupi. Kiuno kisifanye kazi hiyo.

Kaka, mke wangu akipanda V-Strom 650 yangu kutoka Tanga hadi Arusha anashuka mgongo unamuuma. Nimeamua kuuza nichukue Honda Gold Wing, ushauri? (Tanga)

Usiuze bado. Siti ya abiria kwenye Gold Wing ni nzuri kuliko zote ninazozijua, hilo nakubali. Lakini chini pikipiki ile ina nafasi ya sentimita 13 hivi tu, na wewe unapita Mombo, Same na vijiji vyote vya katikati vyenye matuta. Utaikwaruza, na kila tuta utalipita kwa hofu.

Nahisi V-Strom yako bado imesetiwa kwa mtu mmoja. Pembeni, chini ya siti, kuna kirungu cha kuzungusha kwa mkono kinachokaza springi ya nyuma. Wengi hawakigusi tangu siku ya kununua. Mke akipanda pamoja na masanduku, nyuma inazama, shokapu inafika mwisho kwenye kila tuta, na pigo lote linaishia kwenye uti wake wa mgongo. Dalili nyingine ni usiku: wanaokuja mbele wanakuwashia taa kwa sababu taa yako imetazama juu. Kaza springi, jaza tairi ya nyuma PSI 41 badala ya 36 ya mtu mmoja, weka sanduku la nyuma lenye mto wa kuegemea, na mpumzike kila baada ya saa moja. Kisha muulize yeye, usijijibie. Kama bado anaumia, niandikie tena.

Niaje ndugu. Niko na BMW R 1200 GS ya 2011, imetembea kilomita 90,000. Tunapanga kupanda Marsabit halafu tushuke Loiyangalani. Nataka kuiuza nichukue Honda Africa Twin ya 2016, lakini wenzangu wananiambia kutoka shafti kwenda cheni ni kurudi nyuma. (Nairobi)

Ndugu, tuanze na kitu ambacho wengi hawakitazami. Pikipiki hizi mbili zina uzito karibu sawa, kilo 230 hivi kila moja zikiwa tayari kwa safari. GS ina farasi 110, Africa Twin ile ya kwanza ya cc 998 ina 95 au chini kidogo. Tanki la GS ni lita 20, la Honda ni 18.8. Kwa hiyo hapati nafuu ya uzito yule anayeuza moja ili anunue nyingine, wala ya mafuta. Anachopata ni gurudumu la mbele la inchi 21 na springi zinazosafiri mbali zaidi, ambavyo kwenye mawe ni faida ya kweli.

Anachopoteza ni urahisi wa pancha. Kutoka Isiolo hadi Moyale sasa ni lami tupu, hapo hutahitaji kufikiri sana. Ukiiacha lami kuelekea Loiyangalani unakutana na mawe meusi ya volkano, makali. GS yako haina tyubu, hata kama ni ya spoku, kwa sababu spoku zake zimeshikwa pembeni mwa rimu na hewa haina pa kutokea. Jiwe likitoboa, unachomeka plagi ya mpira na kupiga pampu, unaendelea. Africa Twin ile ina tyubu: ng'oa gurudumu, ng'oa tairi, ziba, rudisha, yote juani. Nimeona watu wazima wakilia machozi ya hasira kwa kazi hiyo.

Na cheni? Wenzako wanaidharau bure. Cheni ikikatika unaiunganisha kando ya barabara ukiwa na pingili ya akiba na kifaa chake. Shafti au beringi ya difu (gia za mwisho wa shafti, kwenye gurudumu la nyuma) ikifa, unatafuta lori la kukubeba mpaka Nairobi. Shafti inakuondolea kazi ndogo ya kila siku. Cheni inakuondolea balaa kubwa la siku moja. Ukiwa na cheni kwenye vumbi, ipake oili kidogo tu na uifute. Oili nyingi ikichanganyika na mchanga inakula sproketi kama msasa.

Uamuzi wangu: nenda na GS. Pesa ambayo ungeongeza kununulia Honda, weka sehemu yake kwenye shokapu, maana kwa kilomita 90,000 za asili zimechoka. Kisha isimamishe kwenye stendi kubwa, shika gurudumu la nyuma juu na chini, ulitikise. Likicheza sana, fungua difu. Mwaga oili yake utazame kama ina vipande vya chuma. Ukiona chuma, hapo sasa una sababu ya kuuza, na mnunuzi umwambie ukweli.

Assalaam aleikum. Nina Gold Wing ya 2010. Kila msimu wa khareef, ule wa ukungu na manyunyu, tunakwenda Salalah mimi na mke wangu. Nichukue mpya? (Muscat)

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kwako nasema ndiyo, na si kawaida yangu kulisema haraka. Safari ya kilomita 1,000 hivi, sehemu kubwa ikiwa jangwa lililonyooka toka Adam hadi Thumrait, ndiyo kazi yenyewe ya Gold Wing. Iliyobuniwa upya mwaka 2018 imepungua kilo 40 hivi. Mbele haina tena foki za kawaida, zile nguzo mbili zinazoshika gurudumu: gurudumu limeshikwa na mikono miwili kama ya gari, na mtikisiko haufiki mikononi. Ukichukua ya DCT ina gia saba, inatembea yenyewe polepole mbele na nyuma wakati wa kuegesha.

Sharti moja: mizigo. Yako ina nafasi ya lita 150 hivi kwenye masanduku yake. Ya 2018 ilishuka hadi 110, na watu walilalamika mpaka Honda wakakuza sanduku la nyuma kutoka lita 50 hadi 61 kwenye toleo la 2021. Kwa hiyo tafuta ya 2021 au ya baadaye, na mwonyeshe mkeo sanduku hilo kabla ya kusaini. Tanki pia ni dogo, lita 21 dhidi ya 25 zako, ingawa inakunywa mafuta machache kuliko yako. Mkishuka Thumrait kuingia kwenye ukungu na manyunyu, punguza mwendo sana, kwa sababu ngamia wa Dhofar wako barabarani na rangi yao ni ya ukungu uleule.

Mimi ni dada wa Arusha, urefu wangu ni sentimita 158. Nimeuziwa GS 1200 na vidole tu ndivyo vinagusa chini. Nishushe springi au nibadili?

Badili, dada. Siti ya GS iko kati ya milimita 850 na 870, na ukiishusha kwa kubadili vyuma vya shokapu unaharibu namna inavyokata kona, tena stendi ya pembeni inabaki ndefu na pikipiki inasimama wima mno. Itafute BMW F 700 GS yenye siti fupi; tanki lake liko chini ya siti, uzito uko chini. Himalayan ya 411 nayo ina siti ya milimita 800. Nenda ukaikalie umevaa buti zako za safari. Wembamba wa siti katikati ya mapaja una maana kubwa kuliko namba ya urefu wake, kwa hiyo usinunue kwa kusoma.

Naagiza pikipiki ya mtumba, ama kutoka Uingereza ama Dubai. Kuna tofauti? (Dodoma)

Ipo. Uingereza wanaendesha kushoto kama sisi. Dubai wanaendesha kulia, na taa za pikipiki nyingi za huko humulika zaidi upande wa kulia, yaani machoni mwa anayekuja mbele yako. Uliza mapema kama taa inabadilishika. Ya Uingereza husoma maili, kwa hiyo 30,000 za kwenye dashibodi ni kilomita 48,000 na ushee. Ya huko huwa na kutu ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Omba picha za chini, za boliti na za bomba la moshi. Ya Dubai huwa safi ila mpira umekauka.

Kwa zote mbili, omba picha ya ubavu wa tairi pale penye tarakimu nne baada ya herufi DOT. Ikiandikwa 2319, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, na hata kama kashata zake zimejaa, hesabu bei ya tairi mpya. Halafu, kabla ya kutuma hata senti, wapigie wauza spea wa Dar es Salaam uulize vitu vitatu: pedi za breki, filta ya oili na sahani za klachi za pikipiki hiyo. Wakikuambia vyote vinaagizwa, waulize vinachukua wiki ngapi, na uviagize pamoja na pikipiki yenyewe.