Betri za kuchaji za volti 1.2 zitavuta treni ya mtoto?

Ndugu, nimekuelewa: treni ya mwanao inatumia betri nne za AA, umenunua za kuchaji zilizoandikwa volti 1.2 badala ya 1.5, sasa unahofia hazitoshi. Zitatosha. Nne zinatoa 4.8, za kawaida 6, ila hiyo 6 ni ya mwanzoni tu. Huanza kushuka mara treni ikivuta mabehewa. Ya kuchaji hukaa karibu na 1.2 mpaka ikaribie kuisha. Yetu hupunguza mwendo kidogo kwenye mwinuko, basi.

Usichanganye zilizochoka na mpya. Na tafadhali sana, zile za lithiamu za volti 3.7 zenye umbo lilelile usiziweke kabisa: nne ni 14.8, mota itaungua. Betri ikivimba, usiichaji tena.